Hauna Betri! Jicho la Kwanza kwa Mtambo Unaokimbizana na Jua

Mtambo wa kutoa chumvi kwenye maji kwa nguvu za jua, na hauna hata betri ya kuwashia redio! Tangu wahandisi wa MIT, Marekani, wautangaze katika jarida la Nature Water mnamo Oktoba 2024, mimi mkazi wa mtaa wa Fedha, Embakasi, Nairobi, siyatazami tena mapaa ya ploti zetu kwa macho yale yale.

Anayeishi huku ananielewa. Mfereji ukikauka tunabaki na kisima cha ploti, na chai ya maji yale, tia tangawizi utakavyo, chumvi utaionja tu. Basi unashuka ngazi kumngoja wa mkokoteni na mitungi yake.

Sasa oneni utamu wenyewe. Mitambo mingi huyasukuma maji kwa shinikizo kubwa yapite kwenye utando, chumvi ibaki nyuma. Kazi hiyo hupenda umeme usioyumba. Kiunga, kaunti ya Lamu, shirika la GivePower lilifungua kituo cha maji ya bahari mwaka 2018, na paneli zake zinasaidiwa na betri. Kituo kile ni cha heshima, lakini betri ni ghali na siku zake huhesabika.

Hawa wa MIT wamegeuza mambo. Katika njia yao, elektrodialisisi, maji hayalazimishwi kupenya utando. Umeme ndio unaoivuta chumvi kando. Wingu likipita, pampu inapunguza mwendo na umeme wa kuvuta chumvi unashuka nayo. Jua likichomoza tena, vyote vinapanda. Marekebisho hayo hufanyika mara 3 hadi 5 kwa sekunde moja! Toleo lao la awali lilisubiri dakika 3 kila mara, likatumia asilimia 77 ya umeme wa paneli. Hili jipya limefika wastani wa zaidi ya asilimia 94. Jamani, kinachobaki ni makombo!

Walilijaribu miezi 6 kwenye visima vya New Mexico, likatoa hadi lita 5,000 kwa siku. Nimepiga hesabu ya kimtaa: mitungi 250 ya lita 20. Tena limeundwa kwa maji ya chumvi ya ardhini, si ya bahari. Yaani sisi hasa!

Kasoro zipo. Kwa kuwa maji hayachujwi na utando, vijidudu hubaki humo. Klorini au taa ya kuua vijidudu ni lazima. Chumvi iliyotolewa nayo haiyeyuki hewani, hutoka kama maji makali, na mitaro yetu sote tunaijua. Julai, Nairobi inapojifunika mawingu kutwa, mtambo hodari wa kulifuata jua utakuwa na jua dogo la kufuata. Halafu kuna floridi: visima vingi vya jiji hili huvuka miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani, kwa hiyo ladha nzuri pekee isikudanganye.

Alama zangu ni 9 kwa 10, na ile moja nitaitoa siku mtambo huu utakapofungwa Embakasi. Wenye ploti, anzeni sasa: pelekeni maji ya visima vyenu maabara, mjue mna chumvi kiasi gani na floridi kiasi gani.