Matawi Barabarani

Ukipita barabara ya Bigwa kwenda Kisaki ukakuta matawi mabichi yamelazwa njiani, jua kuna gari bovu mbele. Kila dereva huyasoma: punguza mwendo. Anayeijua njia ile husoma na neno la pili: njoo tusaidiane kufikiri.

Ninaowasifu hapa ni dereva, utingo na fundi wa gereji bubu, ambao darasa lao ni njia yenyewe. Upande wa Matombo, miteremko ya Uluguru hula breki. Ukishuka bondeni kuelekea Mvuha na Kisaki, masika hugeuza udongo kuwa gundi. Taabu hiyo ni ya kale. Septemba 1916, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yalipowaandama Wajerumani hadi Kisaki, pasipopitika kwa gari mzigo ulipita vichwani mwa wapagazi.

Tazama basi elimu yao. Tangi likivuja, tundu huzibwa kwa sabuni ya mche, kwa kuwa sabuni huyeyuka kwa maji, haiyeyuki kwa dizeli. Jani la springi likikatika, hukazwa kwa vipande vya tyubu kuukuu, gari likatambaa hadi kijijini. Rejeta ikichemka, kifuniko hakiguswi: maji yaliyobanwa mle yana joto kuliko ya sufuriani, yakipata upenyo yatakurukia usoni. Siku hizi mlio wa injini hurekodiwa kwa simu, na ukifika penye mtandao humfikia fundi aliyeko Morogoro mjini. Naye husikiliza, kisha hujibu: mafuta yameshika hewa, legeza nati, piga pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe.

Na hakuna anayeuza maarifa hayo. Fundi mwingine wa mjini anaweza kuificha siri yake, kwa sababu mteja akiondoka kaondoka. Njia ya Kisaki haimruhusu mtu uchoyo huo: uliyemnyima neno leo, ndiye kesho atakayekukuta umelala kando ya Mto Mgeta, huna jeki wala chai.

Lakini kinachonivutia zaidi ni uaminifu wao. Akishakuzibia tangi, fundi wa kweli hukwambia, "Hii ni ya kukufikisha, si ya kukaa nayo." Hakuachi udhani gari limepona. Kujua dawa ni nusu ya ufundi; nusu ya pili ni kujua dawa hiyo inaishia wapi, na kumwambia mwenye gari bila kuona haya.

Basi nawe dereva mwenzangu, ukiyakuta matawi, usiyakwepe tu ukapita. Simama, shuka, uliza kuna nini. Kama huna la kufundisha, utajifunza. Na gari likishawaka, yaondoeni matawi barabarani, mwingine asidanganyike.