Kaya 194,000 na Muhtasari Uliokosea

Mliosoma makala ya Tavneet Suri na William Jack katika jarida la Science la Desemba 2016 mmebaki na sentensi moja kichwani: M-Pesa, huduma ya kutuma na kuweka pesa kwa simu, imeziondoa kaya 194,000 za Kenya kwenye umaskini, asilimia 2 ya kaya zote nchini. Sentensi hiyo haikustahili kuwa ndani ya muhtasari.

Mbinu yenyewe ni safi: hawakumlinganisha mwenye M-Pesa na asiye nayo, bali walitazama ongezeko la mawakala karibu na kila kaya, kisha matumizi ya kaya hizo miaka kadhaa baadaye, hadi 2014.

Tatizo ni hatua iliyofuata. Walichopima ni tofauti kati ya kaya zilizozungukwa na mawakala wengi na zile zilizopata wachache. Kutoka hapo wakazidisha mpaka wakafika nchi nzima. Kuzidisha huko kunataka tukubali jambo zito bila kuambiwa, kwamba anachopata mmoja hakimpunguzii mwingine. Makala ileile inataja wanawake 185,000 waliofanya biashara au duka kuwa kazi yao kuu. Haya, mama aliyefungua kibanda cha unga na sabuni kando ya wakala, wateja wake walikuwa wakinunua wapi kabla yake? Kama ni kwa mwenye duka wa kijiji cha pili, ambako mawakala ni haba, basi kaya moja imepanda kwa sababu nyingine imeshuka. Na ubaya zaidi ni huu: kushuka kwa ile ya pili kunapanua pengo linalopimwa, kwa hiyo hasara yake inaandikwa kama faida ya M-Pesa. Ukizidisha pengo hilo kwa kaya zote za Kenya, umeihesabu hasara ya watu kuwa ukombozi wao.

Halafu tazameni tarakimu yenyewe. Si "takribani laki mbili", ni 194,000, bila kiwango cha kosa kando yake. Kila kadirio la sampuli lina chini yake na juu yake. Nimeshalisema hili mara nyingi, na nitalirudia kila jarida kubwa litakapofanya hivyo: muhtasari ndio sehemu pekee ambayo mawaziri, wafadhili na waandishi wa habari huisoma, kwa hiyo tahadhari iliyofichwa kurasa za ndani ni sawa na tahadhari isiyoandikwa.

Lipo pia suala la mwanzo. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na kaya hizi zilihojiwa mara ya kwanza mwaka 2008. Picha ya kabla haipo. Mchumi Robert Jensen hakukubali hali hiyo kwa wavuvi wa dagaa wa Kerala, India. Alianza kukusanya bei na mauzo ya kila wiki mwaka 1996, kabla simu za mkononi hazijafika pwani ile, akaendelea hadi 2001 huku mtandao ukiingia eneo moja baada ya jingine. Akaziona bei za masoko zikikaribiana kwa macho yake. Faida ya wavuvi ikapanda kwa asilimia 8, bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4. Muuzaji na mnunuzi wote wawili wamo kwenye daftari lake. Tangu makala yake ya 2007 sijaona utafiti wa simu uliomfikia.

Suri na Jack wenyewe waliwahi kufanya vizuri zaidi. Makala yao ya 2014 katika American Economic Review ilionyesha kwamba kaya zisizo na M-Pesa zikipatwa na msukosuko, matumizi yao hushuka kwa asilimia 7, ilhali zenye M-Pesa hazitikisiki, maana ndugu na jamaa wanatuma pesa. Pale tunajua nani alimtumia nani na kwa nini.

Milford Bateman na wenzake walikuja kuipinga ile ya Science mwaka 2019, wakauliza kuhusu biashara zinazokufa, wanaosukumwa nje ya soko, na madeni. Zaidi ya miaka miwili ilikuwa imepita. Wahakiki wa Science walipaswa kuyauliza hayo kabla makala haijatoka, na hesabu ya nchi nzima ikawekwa mwishoni, pamoja na dhana zake zote.