Kutaja Sifa na Kuhoji Habari: Uhakiki wa Ufundishaji wa Lugha ya Vyombo vya Habari katika Shule za Sekondari nchini Kenya

Katika mfumo wa elimu wa 8-4-4 nchini Kenya, mwanafunzi wa sekondari hukutana na lugha ya vyombo vya habari hasa katika somo la Kiswahili, chini ya mada ya isimujamii. Hufundishwa sajili ya magazetini, ya matangazo ya biashara na ya utangazaji wa mpira, kisha hutahiniwa katika karatasi ya pili ya mtihani wa KCSE. Uhakiki huu unadai kuwa ufundishaji huo humwezesha mwanafunzi kuitambua habari bila kumwezesha kuihoji, ilhali nyenzo za kuihoji tayari anazo katika sehemu nyingine ya somo hilohilo.

Swali la kawaida la isimujamii humpa mtahiniwa kifungu kifupi, humtaka atambue sajili yake, kisha aeleze sifa zake kwa kutoa mifano. Mtahiniwa hutaja matumizi ya takwimu, nukuu, vyeo, majina ya mahali na lugha sanifu. Sifa hizo ni sahihi, na kuzitambua ni stadi yenye thamani. Hata hivyo, haulizwi takwimu zimetoka kwa nani, wala ni nani aliyenukuliwa na nani aliyenyimwa nafasi ya kusema. Kwa utaratibu huo, habari iliyochunguzwa kwa makini na habari ya kupotosha hupewa jibu moja, maadamu zote zina takwimu na nukuu.

Upungufu huu hautokani na dhana ya sajili yenyewe. M.A.K. Halliday alipoieleza sajili, aliitazama kwa vigezo vitatu: jambo linalozungumziwa, uhusiano wa wahusika, na njia ya mawasiliano. Kigezo cha pili kinagusa moja kwa moja suala la mamlaka: nani anasema, anamwambia nani, na kwa nafasi gani. Dhana ilipofika darasani iligeuzwa kuwa orodha ya kukariri, na uhusiano wa wahusika ukasalia kuwa kipengele kimoja tu miongoni mwa vingi.

Mfano wa kubuni unadhihirisha kinachopotea. Tukio moja laweza kuripotiwa kwa sentensi tatu: “Askari wa kaunti walibomoa vibanda”, “Vibanda vilibomolewa”, “Vibanda vilibomoka.” Sentensi ya kwanza inamtaja mtenda. Ya pili inamwondoa, ingawa kauli ya kutendwa inaacha nafasi ya kumrejesha kwa kuongeza “na askari”. Ya tatu, kwa kauli ya kutendeka, inafunga hata nafasi hiyo. Vibanda vinaonekana kana kwamba vilianguka vyenyewe. Si kila kauli ya kutendeka inaficha jambo, kwa kuwa huenda mtenda hayupo au hajulikani. Ndiyo maana msomaji anapaswa kuuliza kama mtenda hajulikani au amefichwa.

Mwanafunzi wa sekondari anaifahamu minyambuliko hiyo vyema. Katika karatasi hiyohiyo, yenye alama 80, matumizi ya lugha hupewa alama 40 na isimujamii alama 10. Katika sehemu ya kwanza anatakiwa kunyambua vitenzi. Katika ya pili, kutaja sifa za sajili. Hakuna kinachomlazimu kuona kwamba mnyambuliko alioufanya katika ukurasa mmoja ndio unaoamua lawama imwendee nani katika habari iliyo kwenye ukurasa unaofuata. Sarufi inabaki zoezi la umbo, na habari inabaki kielelezo cha mtindo.

Hoja kwamba shule ihoji vyombo vya habari si ngeni. Nchini Uingereza, F.R. Leavis na Denys Thompson walipendekeza mwaka 1933 kwamba wanafunzi wachambue matangazo ya biashara, lakini lengo lao lilikuwa kuwakinga dhidi ya utamaduni walioudharau. Mwaka 1985 Len Masterman alihamisha mkazo: vyombo vya habari si kioo cha uhalisi bali huujenga, kwa hiyo mwanafunzi achunguze unavyojengwa, na nani, na kwa manufaa ya nani. Mtazamo wa Masterman unafaa zaidi hapa, kwa kuwa mwanafunzi aliyefundishwa kushuku tu hawezi kuitenga habari ya kweli na uvumi. Huvikataa vyote kwa pamoja.

Huenda ikadaiwa kwamba maswali ya aina hii hayasahihishiki kwa haki, kwa kuwa yanaalika maoni. Dai hilo lina uzito katika mtihani wa kitaifa. Hata hivyo, kumtaka mtahiniwa alinganishe ripoti mbili za tukio moja, aonyeshe mtenda alipotajwa na alipoachwa, na aeleze athari yake kwa msomaji, ni kumtaka atoe ushahidi kutoka katika matini. Ushahidi wa namna hiyo husahihishika sawa na swali lolote la ufahamu.

Mtaala wa umilisi umeorodhesha uwazaji kina, uraia na ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi wa kimsingi. Orodha hiyo haitabadilisha chochote iwapo sajili itaendelea kufundishwa kama awali. Tarehe 30 Desemba 2007, matokeo ya uchaguzi wa urais yakizozaniwa, serikali ya Kenya ilipiga marufuku matangazo ya habari ya moja kwa moja; tarehe 30 Januari 2018 vituo vikuu vya televisheni vilizimwa. Wanafunzi wengi humaliza sekondari wakikaribia au wakiwa wametimiza miaka 18, umri wa kupiga kura. Anayeondoka shuleni akijua kwamba habari hutumia nukuu, lakini asijue kuuliza ni nani ambaye hakunukuliwa, amefuzu katika sajili na bado hajajifunza kusoma gazeti.