Mizani ya Picha ya Mji

Mtu akikuletea picha ya mji iliyopigwa kutoka baharini akataka hukumu yako, usianze na majumba. Anza na mbingu iliyo kati ya majumba. Katika nafasi hizo, ambazo macho ya haraka huziruka, ndimo ustadi wa mpiga picha unamodhihirika, kwa kuwa mnara uliogusana na paa la jirani yake hupoteza umbo lake, na mji, hata uwe na fahari ya namna gani, hugeuka ukuta mmoja wenye meno.

Utazame Mji Mkongwe wa Unguja kama uonwavyo na abiria wa boti itokayo Dar es Salaam. Lipo Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, ambalo sehemu yake kubwa ilianguka tarehe 25 Desemba 2020. Ipo Ngome Kongwe ubavuni mwake. Na nyuma ya mapaa huchomoza minara miwili ya kanisa la Mtakatifu Yosefu. Boti ikisonga, minara ile hukaribiana hata ikaonekana mmoja, kisha huachana tena na kubakiza uzi mwembamba wa mbingu katikati. Mpiga picha mahiri huungojea uzi ule. Asiyeungojea huja na mnara mnene ambao Unguja haina.

Kwa ajili hiyo nawapendelea wasafiri wenye mizigo myepesi: kamera moja, lenzi moja ya milimita 50, na kitambaa laini cha kufutia chumvi ya bahari. Aliyejitwika lenzi tano na stendi ya miguu mitatu huona taabu kuhama hatua kumi, ilhali hatua kumi hizo ndizo aghalabu zinazoutenga mnara na paa. Badala ya stendi mimi hubeba kifuko cha merikani kilichotiwa mchele nusu kilo. Hukilaza juu ya ukuta wa Forodhani, pwani ya Mji Mkongwe, nikakibonyeza katikati mpaka mchele ukajitenga huku na huku, nikaiketisha kamera katika shimo lile, kisha nikaiacha ijifyatue yenyewe baada ya sekunde mbili, ili kidole changu kisiitikise.

Alama ya pili, baada ya nafasi zile za mbingu, ni nuru, na hapa hakimu hana budi kujua mji umeelekea wapi. Mji Mkongwe umekabili magharibi, kwa hiyo jua la alasiri huziangukia nyuso za nyumba na kufichua kila ufa wa chokaa. Dar es Salaam, ukiitazama kutoka Kigamboni, hupata fadhila hiyo asubuhi, na jioni jua huchwea upande wa nyuma yake. Ukionyeshwa picha ya machweo ya huko ambamo majengo yamewaka nuru ya jua usoni, fahamu kwamba imetiwa mkono baadaye. Katika nchi zetu jua huzama karibu wima, na kwa hiyo wasaa ambao taa za mji na mbingu hulingana kwa nguvu ni mfupi mno, dakika kumi hivi. Picha iliyouwahi wasaa huo ina taa zenye kingo safi wala si madoa meupe, na giza lake la chini bado limehifadhi vitu: kamba ya ngalawa, ngazi ya gati, mtu aliyeketi.

Alama ya tatu ni mstari wa maji: ukilala upande, ni kosa lisilo na udhuru, hata kwa aliyepiga akiwa chomboni.

Ninazo picha mbili za jioni moja, nilizozipiga kutoka darini mwa nyumba ya Shangani, humo humo Mji Mkongwe. Katika ya kwanza tangi la maji la jirani limeng'ang'ania mnara wa kanisa mithili ya kigimbi. Ya pili niliipiga baada ya kusogea hatua saba kuliani, na mnara umesimama peke yake. Ya kwanza imo sandukuni. Ya pili nimeitundika ukutani.