Wako Wapi Wapepezi? Al-Inkishafi Mikononi mwa Mwanasosholojia

Mwanafunzi wa sosholojia afikapo mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza huwa amekwisha kuvuka kizingiti cha istilahi. Tabaka analijua, Marx, Durkheim na Weber amewadurusu, na sasa hutakiwa asimame na hoja yake mwenyewe. Mtoto wa pwani anayetafuta mada iliyo karibu na kwao ana haki ya kuigeukia Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir juu ya kuanguka kwa Pate. Ni chaguo jema. Swali ni je, atausoma vipi?

Njia ya kwanza, iliyo nyepesi, ni kuufanya utenzi daftari la mali. Msomaji huhesabu taa zilizowaka kumbini na zidaka zilizopangwa sahani za kaure, zikageuka viota vya ndege, kisha huandika kwamba Pate ilikuwa na utajiri wa biashara ya bahari. Si uongo. Lakini mshairi hakuwa karani wa forodha. Alichagua cha kuonyesha ili moyo wake uogope, na mwenye kuzihesabu taa bila ya kuuliza zimewashwa kwa kusudi gani huwa ameusoma nusu yake.

Njia ya pili ina elimu zaidi, na kwa hiyo hatari yake ni kubwa zaidi. Ni kumleta Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 na kuandika Muqaddima mwaka 1377. Yeye alieleza kwamba dola hujengwa kwa asabiya, yaani ule mfungamano unaowafanya watu wawe tayari kufa pamoja. Kwamba anasa huulegeza mfungamano huo. Na kwamba dola aghalabu haipiti vizazi vitatu, kila kimoja kikikadiriwa kwa miaka 40. Mtu akisoma hayo, kisha akaziona kumbi za Pate zilizohamiwa na popo, ni rahisi kupiga makofi na kusema kwamba nadharia imethibiti.

Haijathibiti. Ukoo wa Nabahani ulikaa Pate kupita miaka hiyo 120. Ibn Khaldun alizipima dola za Maghrib, ambako watu wa jangwani huushukia mji na kuutwaa. Pate uliishi kwa majahazi na pepo za musimu. Tena liko suala la lugha. Mwenye kuitafsiri asabiya kwa neno "mshikamano" huichanganya na fikra ya Durkheim, ambaye kwa neno hilo alikusudia pia kutegemeana kwa watu waliogawana kazi katika jamii za kisasa. Na "ukabila" wa leo ni tusi. Mwanafunzi anayeifasiri istilahi hii kwa Kiswahili hugundua tatizo ambalo anayeinukuu kwa Kiingereza hulipita bila ya kuliona.

Lililo zito zaidi ni kwamba utenzi wenyewe hausemi hayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1810 watu wa Lamu waliwashinda Pate na Wamazrui wa Mombasa katika vita vya Shela, kisha wakataka himaya ya Sayyid Said wa Omani. Ndani ya Pate kulikuwa na magombano ya kiti. Yote hayo Al-Inkishafi inayanyamazia. Kwa mshairi, sababu ni mauti na udanganyifu wa dunia, na anayeambiwa ni moyo mmoja.

Hapa ndipo C. Wright Mills anapofaa. Katika kitabu chake cha mwaka 1959 alitenganisha dhiki ya mtu na suala la umma: mmoja akikosa kazi katika mji wa watu 100,000 hiyo ni dhiki yake, wakikosa milioni 15 kati ya milioni 50, hilo ni suala la mfumo. Mills alimtaka msomaji aione jamii ndani ya dhiki ya mtu. Sayyid Abdallah alikwenda kinyume chake: aliuchukua msiba wa mji mzima akaurejesha kifuani mwa mtu mmoja. Swali linalostahiki mwaka wa tatu ni kwa nini sharifu, mtu wa jamaa iliyoheshimiwa, aliona anguko la tabaka lake lisemeke kwa lugha ya toba na si kwa lugha ya siasa.

Na liko swali la pili. Mshairi anauliza walikokwenda mabwana, na anawataja kwa majina. Lakini katika nyumba zizo hizo walikuwapo wakandaji, wapepezi na watumbuizi waliowalaza mabwana hao usingizi. Hao wametajwa kwa kazi zao tu. Hawana jina, na hakuna anayeuliza walikokwenda nyumba zilipobomoka. Pengine kwao siku ile haikuwa msiba. Utenzi haujibu, na kuulaumu kwa hilo ni kukosa adabu ya usomaji. Ila kutouliza ni kukosa sosholojia.

Mwanafunzi atakayeyashika maswali haya mawili atakuwa amemtendea Sayyid Abdallah haki aliyowatendea Mills na Ibn Khaldun: amemjadili kama mwenye fikra. Na ayaandike hayo kwa Kiswahili, ili wanaoujua utenzi kwa moyo wapate kumsahihisha.