Jina Hufichwa, Lugha Haifichiki: Tahakiki ya Mwito wa Makala

Istilahi ya uhandisi wa programu ilienea baada ya mkutano wa Garmisch, Ujerumani, mwaka 1968. Tangu 1975 taaluma hiyo ina kongamano lake kuu, ICSE, ambalo lilifika Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2010, mjini Cape Town. Mwito wake wa makala husomwa kama tangazo tu. Hata hivyo, ni matini yenye hadhira na itikadi yake, nayo yastahili kuhakikiwa hivyo.

Itikadi inayodhihirika kwanza ni usawa. Tangu 2018 majina ya waandishi hufichwa ili wasomaji wapime hoja badala ya cheo au chuo. Lakini katika vigezo vya miaka ya karibuni, chini ya uwasilishaji, matumizi ya kutosha ya Kiingereza yametajwa bega kwa bega na kuepuka utata na usomekaji wa michoro. Hapo matini hujipinga. Jina limefunikwa, lugha imeachwa wazi, na lugha humtaja mtu kwao. Mcheza kwao hutunzwa.

Mfano wa Mulongo, kando ya mto Lualaba, unatosha kulionyesha jambo hili. Mtafiti aliyelelewa huko huanza na Kiluba nyumbani, hukutana na Kiswahili katika maingiliano ya mjini kama Kamina, kisha husomea kwa Kifaransa. Kiingereza cha kongamano kwake ni lugha ya nne.

Tatizo si sarufi peke yake. Taaluma hii hutofautisha mambo matatu: kosa alilofanya mtu, dosari iliyobaki ndani ya programu, na hitilafu inayoonekana programu inapotumika. Kifaransa cha darasani humpa mtafiti neno «faute», alilolizoea tangu imla za shule ya msingi kwa maana ya kosa la mwanafunzi. Kiswahili cha kila siku nacho huyaita yote matatu «kosa». Akiyahamishia yote kwenye neno moja la Kiingereza, hoja yake huonekana imevurugika, ijapokuwa jaribio lake lilikuwa sahihi.

Itasemwa kwamba wasomaji wa mataifa mengi hawana budi kuwa na lugha moja. Hoja hiyo ina uzito, na utata wa aina iliyoelezwa hapo juu ni udhaifu wa kweli unaostahili kukosolewa. Lakini kiambishi kilichokosewa si utata. Kigezo kinachoviweka viwili hivyo katika kapu moja humruhusu msomaji aliyechoka kuukataa utafiti kwa sababu ya lafudhi yake.

Lawama haiishii kwa wenye kongamano. Mwaka 1990 TUKI ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Kazi ya kuunda istilahi, basi, si ngeni. Upungufu uko katika matumizi: istilahi nyingi huorodheshwa, chache hubeba hoja. Ikisiri moja iliyoandikwa kwanza kwa Kiswahili, ikitenga kosa, dosari na hitilafu, ingemfaa mtafiti wa Mulongo kuliko orodha ndefu ya maneno mapya. Angefika kwenye Kiingereza akiwa tayari anajua anachotaka kusema.