Wasafiri Watatu na Mji wa Makaa

Katika jimbo la Shanxi, nchini Uchina, uko mji uitwao Datong, ambao kwa miaka mingi umepata riziki yake katika makaa ya mawe. Wageni walioandika habari zake ni wa namna tatu.

Wa kwanza huona moshi na vumbi, kisha huandika kuwa mji haufai kutazamwa. Hasemi uongo, lakini yumkini taa aliyoandikia iliwashwa kwa makaa yale yale. Hukumu yake imepungukiwa na shukrani.

Wa pili hupita mjini kama aliyefumba macho, akiyakimbilia mapango ya Yungang, yaliyoanza kuchongwa mwaka 460, yenye sanamu za Kibuddha zaidi ya 51,000. Sifa zake ni za haki, ila husahau kuwa uzuri ule nao ulitoka katika mikono iliyojaa vumbi.

Wa tatu hufunga safari kwa ajili ya kiwanda kilichounda injini za mvuke za gari la moshi hadi mwaka 1988. Naye ana kasoro, kwani hupenda chuma kuliko mhunzi. Hata hivyo, yeye peke yake huuliza: watu wa hapa hufanya kazi gani?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo yafaa sokoni. Safarini yaweza kupotosha, maana mji haujengwi ili umpendeze mpita njia. Basi, msomaji, usomapo habari za safari, pima kwanza macho ya mwandishi, ndipo uupime mji.